Kupima kuvu za Unguja na Pemba: ipi inakula selulosi, ipi inatoa kiuavijasumu

Kosa linaloharibu kazi hii kuliko mengine ni kupima mambo mawili kwenye sahani moja, siku moja. Kuvu hutoa vimeng'enya vya kuvunja selulosi, ile inayojenga kuta za mimea, inapokuwa na njaa: sukari nyepesi hakuna, selulosi ipo, nayo haina budi kuivunja ili iishi. Viuavijasumu, yaani antibayotiki, kwa kawaida huja baadaye, kuvu ikishakula, ukuaji umepungua na chakula kinaelekea kwisha. Kwa hiyo kuvu ile ile huoteshwa mara mbili, kwa vyakula viwili tofauti, na kila sahani ina siku yake ya kusomwa.

Mwongozo huu unafaa maabara ndogo ya chuo, au ya skuli yenye msimamizi, iliyo na sufuria ya presha, friji, mizani inayosoma gramu 0.01, taa ya spiriti na sahani za petri.

Pa kuchukua sampuli

Wengi hukimbilia makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye matope ya pwani ya mashariki ya Unguja, kwa sababu yanaonekana yameoza. Lakini kule chini hewa hakuna. Wanaolainisha makumbi hadi yapigwe usumba ni bakteria zaidi, na wanachokula ni ule mnofu unaoshika nyuzi. Kuvu nyingi zinataka hewa. Chukua makumbi yaliyoachwa juu, upande wa chini wa lundo, pale yanapogusa ardhi yenye unyevu na yameanza kuwa meusi na mepesi mkononi. Vizuri vingine ni majani yaliyooza chini ya miti, kama msitu wa Jozani au Ngezi kule Pemba, magogo laini, pumba za mpunga zilizonyeshewa, na vijiti vilivyokwama kwenye mizizi ya mikoko. Msitu wa hifadhi hauchukuliwi hata kijiko cha udongo bila kibali. Omba kabla, kwa maandishi, utaje na kiasi.

Visiwa vina historia nzuri katika jambo hili. Trichoderma reesei, kuvu iliyo mzazi wa vimeng'enya vingi vya selulasi (vya kuvunja selulosi) viwandani leo, ilitoka Visiwa vya Solomon wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ilikokuwa ikiozesha mahema ya turubai ya jeshi la Marekani. Kuvu iliyotupatia viuavijasumu vya jamii ya sefalosporini ilipatikana na Giuseppe Brotzu mwaka 1945 pwani ya Cagliari, kisiwani Sardinia, karibu na mahali maji machafu yanapomwagika baharini. Joto, unyevu na vitu vinavyooza tunavyo hapa vya kutosha.

Ondoa tabaka la juu, chota gramu 20 hadi 50 kutoka kina cha sentimita 2 hadi 5 kwa kijiko kilichopanguswa spiriti na kupitishwa motoni. Tia kwenye mfuko wa karatasi. Mfuko wa nailoni hutoa jasho, na ukifika maabara bakteria wameshatawala. Andika mti, kina, tarehe, na kama maji ya chumvi yanafika hapo. Anza kazi ndani ya saa 24.

Maji na chakula cha kuoteshea

Maji ya visima vingi vya Unguja hupita kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa. Ukichanganya na fosfeti kisha ukachemsha, chakula kinakuwa na vumbi jeupe, na vumbi hilo baadaye litakusumbua kusoma duara linaloonyesha kazi ya kuvu. Tumia maji yaliyokenekwa. Yakikosekana, maji ya kuongezea betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ila soma chupa mara mbili: pembeni yake huuzwa tindikali ya betri.

Kwa kutenga kuvu tunatumia chakula cha mbatata. Menya mbatata gramu 200, katakata, chemsha nusu saa katika maji lita 1, chuja kwa kitambaa, rudisha maji yafike lita 1. Ongeza glukosi gramu 20 na aga (unga wa kugandisha chakula) gramu 15. Ili kuzuia bakteria tia kloramfenikoli miligramu 100 iliyoyeyushwa kwa spiriti kidogo. Dawa hii inastahimili sufuria ya presha, basi itie kabla ya kupika. Ikumbuke dawa hii, tutarudi kwake.

Sufuria ya otoklevu hufika nyuzi 121 kwa dakika 15. Sufuria ya presha ya nyumbani mara nyingi haifiki presha hiyo, hivyo ipe dakika 30, na uanze kuhesabu baada ya mvuke kutoka kwa nguvu na kuondoa hewa yote ndani. Chupa isijae zaidi ya theluthi mbili na kifuniko kisikazwe. Mimina chakula kikifika hali ya kuweza kuishika chupa kwa mkono mtupu bila kuiachia, karibu nyuzi 50. Kikiwa cha moto zaidi, vifuniko vitajaa matone, matone yatadondoka na kusambaza spora, yaani mbegu za kuvu.

Kutenga

Tia sampuli gramu 10 katika maji safi ya mililita 90, tikisa dakika 10. Chukua mililita 1 uzimue katika mililita 9, na tena, na tena. Sambaza mililita 0.1 ya mzimuo wa 1 kwa 1,000 na wa 1 kwa 10,000, sahani tatu kila mmoja. Kwa sampuli za mikoko, nusu ya maji ya kutengenezea chakula iwe maji ya bahari yaliyochujwa, la sivyo utapata wageni wa nchi kavu tu.

Acha kwenye nyuzi 28 au joto la kawaida la chumba. Angalia kuanzia siku ya pili, kila siku. Kuvu za Rhizopus na Mucor hufunika sahani nzima kwa saa 48 na kuzizika zile za polepole, ambazo mara nyingi ndizo zenye faida. Rangi ya rozi bengali, miligramu 50 kwa lita, huzipunguza kasi, lakini sahani zake zikae kizani, maana mwanga huifanya rangi hiyo kuwa sumu kwa kuvu unayoitafuta pia.

Chukua ncha ya nje ya kila kundi kwa sindano iliyochomwa motoni, hamishia sahani mpya. Rudia mara mbili, na safari ya pili iwe kwenye chakula kisicho na kloramfenikoli. Usinuse sahani kamwe, na usifungue yenye unga wa kijani au mweusi mbele ya feni: Aspergillus fumigatus hukaa kwenye mapafu, na Aspergillus flavus inaweza kutoa aflatoksini, ambayo ni sumu.

Wakati wa masika kuna adui mwingine, utitiri mdogo usioonekana vizuri kwa jicho. Hutembea kutoka sahani hadi sahani na kubeba spora mwilini. Ukiona vijistari vya kuvu vinavyokwenda kama nyayo, ndiye. Funga kingo za sahani kwa utepe, weka trei juu ya miguu iliyosimama kwenye vikombe vya mafuta, na sahani iliyoingiliwa ipikwe siku hiyo hiyo.

Kipimo cha selulosi

Kwa lita 1: KH₂PO₄ gramu 2, (NH₄)₂SO₄ gramu 1.4, MgSO₄·7H₂O gramu 0.3, CaCl₂ gramu 0.3, dondoo la hamira gramu 0.5, aga gramu 15, na kaboksimethili selulosi gramu 10, ile ambayo kwenye kopo huandikwa CMC. Hii ya mwisho ina tabia ya unga wa uji: ukiimwaga yote kwa pamoja hufanya madonge yenye unga mkavu ndani. Ichanganye na aga ikiwa kavu, kisha inyunyize kidogo kidogo huku maji yakizunguka. pH, yaani kipimo cha asidi, iwe 5.5 hadi 6. Ukishuka chini ya 5 kabla ya kupika, aga haitashika vizuri. Glukosi usitie hata chembe: sukari nyepesi huzima utoaji wa selulasi, na kuvu hodari itaonekana goigoi.

Kwa sababu hiyo hiyo kidonge cha aga unachopandikiza, yaani kipande cha aga chenye kuvu, kiwe kidogo, milimita 4 au 5, kutoka ukingo wa kuvu ya siku 4 au 5, kwani kinabeba sukari ya mbatata. Kiweke katikati, upande wenye nyuzi ukitazama chini. Kila kuvu sahani tatu za kupima na moja ya akiba, kwa kuwa rangi inaua. Pamoja nazo weka sahani isiyopandwa kitu na sahani ya Trichoderma inayojulikana kuvunja selulosi.

Soma siku ya 3 hadi ya 5, kabla kuvu haijapita milimita 40.

1. Pima upana wa kuvu kwa rula, mara mbili kwa pembe mraba, andika wastani.
2. Kwangua utando wa kuvu kwa upole bila kuchana aga. Usipokwangua, duara lililo chini yake hulioni.
3. Mimina mililita 15 za rangi ya Kongo redi, gramu 1 kwa lita. Acha dakika 15, kisha mwaga kwenye chupa ya taka.
4. Mimina maji ya chumvi safi, NaCl gramu 58.4 kwa lita. Acha dakika 15, mwaga, rudia.
5. Inua sahani mbele ya dirisha. Selulosi iliyobaki imeshika wekundu. Ilipovunjwa pana rangi ya manjano hafifu. Pima upana wa duara hilo.

Kongo redi inatokana na benzidini, ambayo ni hatari kwa saratani. Vaa glavu, na usiimwage kwenye sinki wala uwanjani: ardhi ya matumbawe hupitisha maji upesi hadi visimani. Mbadala ni iodini: potasiamu iodaidi gramu 2, iodini gramu 1, maji mililita 300, kwa dakika 3 hadi 5. Duara lake hufifia haraka, basi kamera iwe tayari kabla hujamwaga.

Sahani yote ikiwa nyekundu, hata ya Trichoderma, kosa ni la chakula au la rangi; usiiandike kuvu yoyote kuwa haina kitu. Ukiona zambarau au buluu kuizunguka kuvu, hiyo ni asidi: Kongo redi hubadilika rangi pH inaposhuka kuelekea 3. Baada ya maji ya chumvi ya pili, buluu hiyo isipoondoka, isihesabiwe kuwa duara.

Gawanya upana wa duara kwa upana wa kuvu upate kipeo. Milimita 34 kwa 20 ni 1.7. Lakini kipeo hiki kinadanganya, na hapa ndipo watu wanapotupa kuvu nzuri. Kuvu ya milimita 5 yenye duara la 15 ina kipeo 3.0. Trichoderma ya milimita 40 yenye duara la 48 ina 1.2 tu, ingawa imesafisha eneo kubwa mara nyingi zaidi kwa siku zile zile. Kipeo kitumie kuchuja zisizo na kitu, kisitumike kupanga washindi.

Tena, CMC ni selulosi iliyolainishwa, inayeyuka majini. Inaonyesha kimeng'enya kinachokata mnyororo katikati, basi. Kuvunja selulosi halisi, iliyopangika na ngumu, kunataka vimeng'enya vingine vishirikiane. Kwa hiyo zilizofaulu zipeleke kwenye karatasi. Tia mililita 10 za chumvi zile zile, bila CMC wala aga, katika mrija wa kioo. Simamisha ukanda wa karatasi ya chujio ya Whatman namba 1, sentimita 1 kwa 6, ambao ni takriban miligramu 50, nusu yake juu ya maji. Pika, poza, pandikiza, subiri wiki mbili hadi tatu. Mahali pa kuangalia ni mstari wa maji. Huko karatasi hupata madoa, hulegea, nyuzi zake huanza kuachana kama pamba iliyolowa, na siku moja ukigonga mrija kwa kidole nusu ya chini hukatika ikazama. Toa alama 0 hadi 3: haijaguswa, imelegea, imekatika, imekuwa uji. Kupima uzito wa karatasi iliyobaki kunapotosha kidogo, kwani kuvu iliyojisokota humo nayo ina uzito.

Mwenye spektrofotometa, mashine ya kupima ukolezi wa rangi, anaweza kuendelea: ukanda mmoja kama huo, bafa ya sitreti (maji yanayoshikilia pH) ya moli 0.05 kwa lita, pH 4.8, mililita 1, maji ya kuvu yaliyochujwa mililita 0.5, nyuzi 50 kwa saa 1, kisha sukari ipimwe kwa DNS, kemikali inayobadilika rangi ikikutana na sukari, kwenye nanomita 540. Mrija wa karatasi bila kimeng'enya na wa kimeng'enya bila karatasi ni lazima, kwa sababu maji ya kuvu yana sukari yake mwenyewe.

Kipimo cha kiuavijasumu

Hapa kuvu ilishwe vizuri: dondoo la kimea gramu 20, glukosi gramu 20, peptoni gramu 1, aga gramu 15 kwa lita. Chukua vidonge vya milimita 6 siku ya 7, ya 10 na ya 14. Kuvu isiyo na kitu siku ya 7 inaweza kuwa nacho siku ya 10, na kikapungua tena siku ya 14.

Bakteria wa kupimia kwa skuli wawe Bacillus subtilis na E. coli wa maabara asiye na madhara. Staphylococcus aureus ni kwa maabara yenye kabati la usalama na watu waliofunzwa. Vimelea kutoka kwa mgonjwa havina nafasi katika kazi hii.

Andaa bakteria wafikie ukungu wa McFarland 0.5, kiwango cha kulinganishia wingi wao majini. Kipimo chake hutengenezwa kwa mililita 0.05 ya BaCl₂·2H₂O asilimia 1.175 ndani ya mililita 9.95 za H₂SO₄ asilimia 1. Weka mirija miwili mbele ya karatasi yenye mistari myeusi. Mistari ionekane sawasawa kupitia yote miwili. Paka kwa kijiti cha pamba juu ya aga ya Mueller-Hinton (chakula cha kupimia viuavijasumu), pande tatu, na uweke vidonge ndani ya dakika 15. Aga iwe na kina cha milimita 4, takriban mililita 25 kwa sahani ya milimita 90. Ikiwa nyembamba, duara hukua bila sababu.

Kila sahani vidonge vinne, nyuzi zikitazama chini: vitatu vya kuvu na kimoja cha chakula kisichopandwa. Sahani nyingine iwe na kiduara cha karatasi chenye kiuavijasumu kinachojulikana. Weka frijini saa 2 hadi 4 ili dawa isambae kabla bakteria hawajaanza kukua, kisha nyuzi 35 kwa saa 18 hadi 24. Bacillus anatosheka na 30.

Sasa duara limetokea. Kabla hujafurahi, pita humu:

Je, kuvu hiyo iliwahi kukaa kwenye kloramfenikoli na haikuhamishwa? Basi unapima dawa ya duka. Hili ndilo la kwanza kuliangalia.

Je, ni asidi? Gusisha karatasi ya pH kwenye kidonge. Aspergillus niger hutoa asidi ya sitriki kwa wingi, nayo inaweza kuzuia bakteria kama ndimu. Tengeneza kidonge cha chakula kitupu chenye pH hiyo hiyo kwa asidi ya sitriki, uone kama nacho kinatoa duara.

Je, uliotesha kuvu kwenye majani au makonyo ya karafuu? Hapa kwetu ni kishawishi cha kweli, makonyo yapo kila mahali. Lakini karafuu yote, na majani na makonyo yake, ina eujenoli, inayozuia bakteria bila msaada wa kuvu yoyote. Ukitumia karafuu, weka makonyo yale yale yaliyopikwa bila kupandwa kuvu kama kilinganishi.

Je, duara ni safi au lina ukungu? Lenye ukungu linaonyesha bakteria wamepunguzwa kasi tu. Na upana wa duara usiulinganishe kati ya kuvu na kuvu: molekuli ndogo husafiri mbali kwenye aga hata ikiwa dhaifu. Kuvu nyingi hazitamgusa E. coli, ana utando wa nje unaozuia molekuli nyingi. Matokeo ya Bacillus peke yake ni matokeo halali.

Baki na jambo moja zito. Kinachoua bakteria kinaweza kumuumiza mtu vile vile. Patulini, inayotolewa na baadhi ya Penicillium, ilijaribiwa Uingereza miaka ya 1940 kutibu mafua. Haikusaidia, na leo inahesabiwa kuwa sumu inayopimwa kwenye juisi ya tufaha. Duara la sahani halimpi mtu yeyote ruhusa ya kupaka maji ya kuvu kwenye kidonda.

Zilizopita maswali haya, ziotesheni katika mililita 100 za chakula kile kile bila aga, siku 14, bila kutikisa. Chuja kwa kitambaa kisha karatasi. Gawanya maji mafungu mawili: moja libaki lilivyo, jingine liwekwe juu ya barafu na kushushwa hadi pH 3. Kila fungu litikise na ethili asetati kiasi sawa, mara mbili. Sababu ya mafungu mawili ni kwamba penisilini na wenzake wenye asidi hubaki majini pH ikiwa ya kawaida. Ukikamua fungu moja tu unaweza kumwaga ulichokitafuta. Fanya haraka, kwa sababu kwenye asidi penisilini huvunjika, ndiyo maana ya barafu. Acha kiyeyushi kikauke kwenye chumba chenye hewa, mbali na moto wowote, joto lisipite 40. Yeyusha miligramu 10 katika methanoli mililita 1, tia mikrolita 20 kwenye kiduara cha karatasi cha milimita 6, kikauke kabisa, kisha upime kama mwanzo. Kiduara cha methanoli tupu na cha chakula kisichopandwa kilichokamuliwa vivyo hivyo viwepo kwenye sahani.

Kuhifadhi

Umeme ukikatika siku mbili, friji inakuwa kabati tu. Kwa hiyo, mbali na nakala za frijini, kata vidonge vitano au sita vya kila kuvu iliyotoa spora, vitie kwenye kichupa cha maji yaliyokenekwa na kupikwa, kaza kifuniko, weka kizani kwenye joto la chumba. Kuvu nyingi huishi hivyo kwa miaka. Lebo iandikwe kwa penseli, kwani wino hufutwa na spiriti: namba ya kuvu, mahali, mti, tarehe ya kutengwa, na mara ngapi imehamishwa. Hiyo ya mwisho usiidharau. Kuvu iliyohamishwa mara nyingi kwenye chakula kitamu hupoteza uwezo wake polepole, na duara likipungua mwezi wa sita utataka kufungua kichupa cha mwezi wa kwanza.

Sahani zote zilizosomwa zipikwe kwenye presha dakika 30 kabla ya kutupwa, pamoja na vijiti vya pamba. Jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tisa, ni ya meza na pipeti, iache dakika 30. Sahani zilizotiwa Kongo redi zikusanye peke yake, zisiingie kwenye jiki.